Mtoto Huyu Hakui: Ni Kosa la Nani?

Somo la mwezi, kwa vikundi vya nyumbani na mikutano ya Umoja wa Mama

Yasomwe kwanza: Nehemia 2:11-18, Ayubu 29:12-16, Yohana Mtakatifu 9:1-3



Ni nani kati yetu ambaye hajapata kumwona, pengine hapa hapa kanisani siku ya Jumapili, mtoto aliyebebwa mgongoni ambaye umri wake ni miaka miwili lakini umbo lake ni la mtoto wa mwaka mmoja? Nywele zake zimekuwa nyekundu na dhaifu, hachezi na wenzake, na pengine miguu yake imevimba. Tumwonapo, wengi wetu tunakuwa na jibu tayari. Twasema, "Mama yake mzembe." Au twasema, "Baba yake mlevi." Wako pia wasemao mtoto amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia alipokuwa akinyonya.

Sisi tunaoandika somo hili hatujitoi katika lawama hii. Siku moja tulikwenda katika nyumba ya namna hiyo, tukachukua kipande cha sabuni na kilo mbili za unga. Tulimshauri yule mama amlishe mtoto wake vizuri, tukaomba, tukaaga. Baadaye ndipo tulipojua ya kwamba unga haukupungua katika nyumba ile. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda shamba la mbali na kurudi jioni, na mtoto aliachwa na dada yake mwenye umri wa miaka saba. Kutwa nzima hakuna aliyempikia. Unga wetu uliongezwa juu ya unga uliokuwamo, na mtoto akaendelea kukonda. Tulikuwa tumetoa sadaka, lakini hatukuwa tumeuliza hata swali moja.

Basi somo la mwezi huu lahusu kuuliza. Tutaona jinsi watu wa ustawi wa jamii na wa afya walivyochunguza maisha ya jamaa maskini, na jinsi uchunguzi huo unavyoweza kuwa tendo la upendo kwa jirani.

1. Swali la wanafunzi

Katika Injili ya Yohana, Bwana wetu na wanafunzi wake walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake. Tazameni jinsi swali lao linavyofanana na maneno yetu juu ya mtoto aliyebemendwa. Wao walimwona mtu mwenye shida, na mara wakatafuta mkosaji. Bwana hakukubali swali lenyewe. Alikataa kuwahukumu wazazi, akageukia kazi ya Mungu iliyopaswa kutendwa, naye akaitenda.

Ayubu naye, anapokumbuka maisha yake ya zamani, hasemi tu ya kwamba alikuwa baba kwa wahitaji. Asema pia ya kwamba alilichunguza shauri la mtu asiyemjua. Kutoa ni jambo moja, na kuchunguza ni jambo la pili. Ayubu aliyafanya yote mawili.

2. Nehemia alikagua kwanza

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza siku ile ile kupanga mawe. Alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka mji, akatazama kwa macho yake mahali ukuta ulipobomoka na milango iliyoteketea kwa moto. Alipokwisha kuona, aliwaendea wenyeji wa mji na kuwaeleza habari hiyo, nao wakakubali kuinuka na kujenga. Katika sura ya tatu twasoma ya kwamba wengi wao walijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe.

Hapo tuna mambo matatu ya kushika. Kwanza, alitazama kabla ya kusema. Pili, aliyoyaona hakuyaficha, bali aliwarudishia wenye mji. Tatu, kazi ilifanywa na wale wale waliokuwa na shida. Tuyakumbuke mambo haya matatu tunaposoma yafuatayo.

3. Mji wa Johnstown, 1913

Mfano wa kwanza watoka mbali, Marekani, katika mji wa viwanda vya chuma uitwao Johnstown, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1912 serikali ya nchi ile iliunda ofisi maalumu ya mambo ya watoto, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Julia Lathrop. Mama huyu alikuwa ameishi na kufanya kazi miaka mingi katika Hull House, nyumba ya huduma iliyokuwa kati ya wahamiaji maskini katika mji wa Chicago.

Wakati ule watoto wachanga wengi walikufa, na watu wengi walisema sababu ni ujinga wa mama zao. Julia Lathrop hakutaka kubahatisha. Mwaka 1913 alituma wanawake wachunguzi Johnstown, waende nyumba kwa nyumba kwa akina mama waliojifungua mwaka 1911. Waliuliza kwa upole: Mtoto yu hai? Alinyonya? Baba alipata mshahara kiasi gani? Maji yalitoka wapi? Mama alirudia kazi nzito baada ya siku ngapi?

Majibu yalipokusanywa, ilionekana ya kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 134 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Lakini vifo havikugawanyika sawasawa. Katika jamaa ambazo baba alipata mshahara mdogo kabisa, walikufa zaidi ya 255 katika kila 1,000. Katika jamaa zilizokuwa na mapato ya kutosha walikufa 84. Nyumba ambazo maji yalichotwa nje zilipoteza watoto wengi kuliko zile zenye bomba ndani.

Je, tutasema ya kwamba mama maskini aliwapenda watoto wake pungufu mara tatu? Hasha. Mshahara, maji, nyumba na uchovu wa mama vilikuwa vikiua, na wakati huo huo watu walikuwa wakimlaumu mama. Uchunguzi wa namna hii ulifanywa katika miji mingine pia, nao ulisaidia kuleta sheria ya mwaka 1921, ambayo kwayo serikali ya Marekani ilitoa fedha kwa ajili ya afya ya akina mama na watoto wachanga.

4. Mkoa wa Iringa, 1983 hadi 1988

Mfano wa pili ni wa nyumbani, na unafaa zaidi, kwa kuwa huku wanavijiji hawakuulizwa tu. Wao wenyewe walikuwa wachunguzi.

Mwaka 1983 serikali ya Tanzania, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia, ilianza mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa. Wakati ule mkoa huo ulikuwa bado pamoja na sehemu ambazo tangu 2012 ni mkoa wa Njombe. Mpango ulianza katika vijiji 168.

Iringa si nchi ya njaa. Ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Hata hivyo watoto wa chini ya miaka mitano walipopimwa, karibu 56 katika kila 100 walikuwa na uzito usiotosha kwa umri wao, na wapatao sita katika kila 100 walikuwa katika hali mbaya kabisa. Ghala lilikuwa na mahindi, na mtoto alikuwa amekonda.

Kazi ilifanywa hivi. Kila miezi mitatu kijiji kiliweka siku ya afya, na watoto wote wadogo waliletwa kwenye mizani. Wale waliokuwa katika hali mbaya walifuatwa mara kwa mara zaidi. Hesabu ilipopatikana, haikufungwa katika bahasha kupelekwa mjini tu. Ilisomwa kwanza pale pale, mbele ya kamati ya afya na viongozi wa kijiji, ndipo ikapelekwa katani, wilayani na mkoani. Kisha wakaulizana: Watoto hawa ni wa nyumba zipi? Kwa nini hawakui? Tunaweza kufanya nini kwa nguvu tulizo nazo? Walipokwisha kutenda, walipima tena baada ya miezi mitatu ili kuona kama walitenda sawa. Kupima, kutafuta sababu, kutenda, kisha kupima tena: ndiyo njia yote.

5. Ngazi tatu za sababu

Waliokuwa wakiongoza mpango huu walifundisha ya kwamba sababu zina ngazi, moja nyuma ya nyingine.

Ngazi ya kwanza iko karibu na mtoto mwenyewe. Chakula anachokula hakitoshi, au anaugua, kama vile kuhara, malaria na surua. Mara nyingi mambo haya mawili hufuatana, maana mtoto mgonjwa hali, na asiyekula huugua upesi.

Ngazi ya pili iko nyumbani na kijijini. Je, chakula kimo ndani ya nyumba mwaka mzima? Je, yuko mtu mwenye nafasi ya kumtunza mtoto na mama yake? Je, maji ni safi, choo kipo, zahanati iko karibu? Yote matatu yanahitajika pamoja. Nyumba yenye chakula tele bila mtu wa kumlisha mtoto bado ina mtoto mwenye njaa.

Ngazi ya tatu iko mbali zaidi: ni nani mwenye ardhi, ni nani anayeshika fedha za mazao, kazi zimegawanywaje kati ya mume na mke, na serikali yatumia mali ya nchi kwa mambo gani.

Kwa kuuliza hivi, mambo yaliyofichika yalionekana. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi humjaza maji, na uji mzito unamshinda kumeza. Akila mara mbili tu kwa siku pamoja na wakubwa, hawezi kupata kinachomtosha hata kama sufuria imejaa. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, walichunguza jambo ambalo mabibi zetu wanalijua kwa kazi nyingine, yaani kimea. Unga kidogo wa kimea cha ulezi ukitiwa katika uji mzito, uji huo hulainika na kumezwa kwa urahisi, bila kuongezwa maji na bila kupunguza nguvu yake.

Jambo lingine lililoonekana ni mzigo wa mama. Yeye ndiye wa shamba, wa kuni, wa maji, wa kupika na wa kulea. Kumwambia alishe mara nne au tano kwa siku bila kumpunguzia mzigo wowote ni kumtwisha mwingine. Kwa hiyo vijiji vilianzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto wadogo mchana, na wanaume wakaitwa katika mazungumzo ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya wanawake peke yao.

Katika vijiji vile vya kwanza, kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito usiotosha walipungua kutoka karibu 56 hadi karibu 38 katika kila 100, na wale wa hali mbaya kabisa kutoka wapatao sita hadi chini ya wawili. Si haki kusema mizani peke yake ilifanya hayo, maana miaka ile ile chanjo zilienea na wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa. Lakini njia yenyewe ilisifiwa hata nje. Mwaka 1990 UNICEF iliichukua ngazi ile ya sababu na kuiweka katika mpango wake wa lishe kwa ulimwengu mzima.

6. Kazi haijaisha

Tungependa kumaliza somo hapa kwa shangwe, lakini haitakuwa kweli. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani walio wafupi kuliko umri wao, walikuwa 30 katika kila 100 kwa Tanzania nzima. Katika mkoa wa Iringa walikuwa karibu 57, na katika mkoa wa Njombe wapatao 50. Kipimo cha kimo si sawa na kile cha uzito kilichotumika miaka ya 1980, kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizi moja kwa moja. Hata hivyo, jambo lenyewe ni lile lile: mikoa yenye mahindi tele, na watoto wasiokua.

Twajifunza nini? Ukuta uliojengwa mara moja huhitaji walinzi. Uchunguzi si kazi ya kufanywa mara moja, ikaandikwa kitabu, ikawekwa kabatini. Kila mwaka watoto wapya huzaliwa, na kila mwaka hatuna budi kuuliza tena.

7. Yatupasa kufanya nini katika parishi yetu?

Hatusemi ya kwamba Wakristo wawe mabwana afya. Kupima na kutibu kuna wenyewe. Lakini kila parishi ina watu wanaobisha hodi nyumbani kwa wengine: Umoja wa Mama, wazee wa kanisa, wainjilisti. Basi tufanye haya.

(a) Tuulize kabla ya kushauri. Swali baya ni hili: "Mbona humlishi mtoto?" Swali jema ni hili: "Mama, tangu jana asubuhi mtoto amekula nini, na ni nani aliyemlisha?" Au: "Siku yako inakwendaje, tangu unapoamka?" Tumsalimu bibi wa nyumba kwanza, naye aulizwe, maana mara nyingi ndiye mwenye kuamua. Baba naye aulizwe. Kisha tunyamaze tusikilize.

(b) Tutunze siri. Aliyetufungulia mlango hakutupa ruhusa ya kumtangaza. Jina la mtoto wala la nyumba lisitajwe katika matangazo ya kanisa, hata kwa kisingizio cha maombi, bila wenyewe kukubali.

(c) Tusicheleweshe mgonjwa. Mtoto aliyevimba miguu, anayekataa kula au kunyonya, aliyelegea, au anayehara bila kukoma, apelekwe zahanati siku ile ile. Kama nauli hakuna, hapo ndipo mfuko wa kanisa una kazi.

(d) Tujue mafundisho ya kliniki, tusiyapinge. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo aanze vyakula vingine, akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Aendaye kliniki asidharauliwe, na tuhuma za kubemenda tuziache.

(e) Tuwarudishie wenyewe majibu. Ikiwa tumetembelea nyumba 20 tukaona ya kwamba shida kubwa ni watoto kuachwa mchana wakati wa kupanda, tusipeleke habari hiyo kwa Askofu tu. Tuwaite wenye nyumba hizo, akina baba pamoja na akina mama, tuwaambie tuliyoyaona bila kutaja majina, nao waseme kama ni kweli na nini kifanyike.

(f) Tuchague jambo moja tunaloweza. Jengo la kanisa hukaa tupu tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Je, haliwezi kuwa mahali pa kulelea watoto wakati wa palizi, akina mama wakipeana zamu, kila mmoja akileta kibaba cha unga na baba zao wakileta kuni? Kama tungefanya hivyo, yule mtoto tuliyempelekea unga angekula uji saa nne asubuhi.

Pengine wako watakaosema kazi ya kanisa ni kuhubiri Injili, wala si kuuliza habari za uji. Twawajibu kwa upole: Bwana wetu alipomfufua binti Yairo, aliagiza mara moja mtoto apewe chakula. Hakuona aibu kulitaja jambo hilo.

Maswali ya kuzungumza

1. Je, tumewahi kumhukumu mzazi kabla ya kujua habari zake? Twaweza kumtengenezea namna gani?
2. Katika mtaa wetu, mtoto wa mwaka mmoja hula mara ngapi kwa siku, na ni nani humlisha mchana?
3. Tazameni ngazi tatu za sababu. Ni zipi tunaweza kuziondoa wenyewe, na ni zipi zataka tuseme na viongozi wa serikali?
4. Akina baba wa parishi hii wanabeba sehemu gani ya mzigo wa kulea?
5. Ni jambo lipi moja tutakalolianza kabla ya msimu ujao wa kupanda, na ni nani atakayetukumbusha?

Sala

Ee Mungu Baba, uliyemtoa Mwanao azaliwe mtoto mchanga mikononi mwa mama maskini: utusamehe kwa kuwa tumehukumu upesi na kuuliza kwa uvivu. Utupe macho ya kuona, masikio ya kusikiliza, na midomo itunzayo siri za wenzetu. Uwabariki akina mama waliochoka, uwaamshe akina baba, na uwakuze watoto wetu katika siha na kimo na kukupendeza wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.